Gitaa la Vidole Viwili Kolwezi

Barabara ya kutoka Lubumbashi kwenda Kolwezi ni ya malori kwanza, mabasi baadaye, na pikipiki popote zinapopata upenyo. Ni kilomita zipatazo 300. Kutoka upande wa Kolwezi huja magari marefu yamebeba mabamba ya shaba yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, na mengi yana namba za Tanzania au Zambia. Dereva wa basi letu alipojua kwamba natoka Dar es Salaam, kila tulipopishana na lori la kwetu alinigeukia na kupaza sauti: "Ndugu yako huyo!" Nikawa napunga mkono hata kwa wasioniona. Mzigo huo huvuka mpaka wa Kasumbalesa, hukata Zambia yote hadi Tunduma, kisha huteremka bandarini kwetu. Sisi tunaokaa karibu na bandari tumeuzoea kiasi kwamba hatuulizi umechimbwa na nani.

Likasi tulisimama abiria wanunue mikate na maji. Mji huu ndio Jadotville ya wakoloni, na ndiko mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine yake ya kurekodi, alipomkuta kijana akipiga gitaa mtaani. Kijana yule alikuwa Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, makao ya kale ya Mfalme Msiri, ambayo leo yamo katika jimbo la Lualaba. Tracey akarekodi "Masanga", na gitaa la Katanga likaanza kutembea peke yake. Mwaka 1959 Mwenda alikuwa Nairobi akitangaza vidonge vya Aspro kwa nyimbo. Binamu yake, Edouard Masengo, alikwenda huko huko kuitangaza Coca-Cola. Mwaka 1969 Mwenda alipanda jukwaa la Newport, Marekani, mbele ya umati uliokuja kusikiliza muziki wa kienyeji wa dunia nzima. Alikufa kwa ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990.

Mimi nililifuata gitaa hilo. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa Lubumbashi, alikuwa ameniambia kwamba nikitaka kulisikia likiwa hai nisipoteze muda kwenye mabaa ya mjini, maana huko siku hizi ni kinanda na kompyuta tu. Niende Kolwezi, alisema, kuna mwinjilisti anayewahubiria manseba kwa blues. Manseba ni waendesha pikipiki za abiria, wale ambao sisi tungewaita bodaboda. Nilidhani ananitania.

Baada ya Likasi unapita Mulungwishi, penye misheni ya Wamethodisti na chuo kikuu chao, halafu Fungurume, ambako vilima vyenyewe vimezungushiwa uzio kwa sababu ndani yake mna shaba na kobalti. Mbele kidogo unavuka Lualaba. Mto Kongo ukiwa bado mchanga ndio huu, maji yake yametulia, na wavuvi wachache. Abiria jirani yangu hakuinua hata uso kutoka kwenye simu. Kisha zinaanza bohari za Musompo, lile soko la madini ambako wachimbaji wadogo huuza mawe yao, na hapo unajua umefika. Pikipiki zinazidi. Kila moja ina gunia mbele au nyuma, nyingine magunia mawili na mtu juu yake, na matairi ya nyuma yamebonyea.

Kolwezi ni mji wa wilaya mbili, Dilala na Manika, na tangu 2015 ni makao makuu ya jimbo. Ulizaliwa miaka ya 1930 kwa ajili ya migodi ya magharibi ya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ambayo serikali ya Mobutu iliitaifisha mwaka 1967 na baadaye ikaitwa Gécamines. Kwa hiyo ukitafuta katikati ya mji utapata shida, maana mji wenyewe uliachiwa nafasi iliyobaki baina ya mashimo. Katika mtaa wa Kasulo, mwaka 2014 watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, wakaanza kuchimba sebuleni. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia hutoka nchi hii, na sehemu kubwa hutoka jimbo hili.

Mwinjilisti alinipokea kituoni akiwa na pikipiki nyekundu ambayo bado anailipia kwa awamu. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, fundi umeme kwa kazi yake ya siku za juma. Kwenye keria alikuwa amefunga amplifaya ndogo kwa mipira ya tyubu, na pembeni betri ya pili ya pikipiki ndani ya kisanduku cha mbao. Gitaa alilivaa mgongoni. Abiria hukaa wapi? Hukaa kati ya mwinjilisti na amplifaya, akilikumbatia gitaa ili lisigonge. Hivyo ndivyo nilivyouona mji wa Kolwezi kwa mara ya kwanza, shavu langu likiwa juu ya shingo ya gitaa.

Nyumbani kwake mke wake alituwekea bukari, sombe na samaki, na baada ya kula akaniambia: "Baba, kama anaanza kupiga sasa, hautalala." Alianza kupiga.

Ningependa kusimulia mkono huo vizuri. Anatumia vidole viwili tu, gumba na shahada. Gumba linakwenda juu na chini kwenye nyuzi nene bila kupumzika, na halibadiliki hata anapoongea na mtu. Shahada ndiyo inayoimba. Ukucha wake umepasuka kwa kazi ya nyaya, naye ameuziba kwa gundi kali, tabaka juu ya tabaka, mpaka umekuwa mnene na mweupe kama kipande cha mfupa. Anaposhuka kutoka noti ya juu, ukucha huo hukwaruza uzi kidogo kabla ya kuuachia, na mkwaruzo huo huingia ndani ya mdundo. Nilimwomba arudie polepole. Akasema polepole hajui, vidole vinajua mwendo mmoja tu.

Mwenda naye alipiga kwa vidole viwili. Na huko Marekani, katika mitaa ya Harlem, alikuwapo mhubiri kipofu aliyeitwa Reverend Gary Davis, mzaliwa wa South Carolina mwaka 1896, aliyepiga gitaa kwa gumba na shahada peke yake, akihubiri na kuimba pembeni mwa barabara hadi vijana wazungu wenye magitaa ya bei ghali wakaanza kumfuata wafundishwe. Alifariki 1972. Sina habari kwamba wawili hao waliwahi kusikilizana. Mwinjilisti wangu alimsikia Davis kwenye flashi aliyoachiwa na fundi mmoja wa Afrika Kusini aliyemaliza mkataba mgodini. Aliisikiliza usiku kucha, akamwamsha mke wake na kumwambia: "Huyu mutu ni wa kwetu, wa Bunkeya. Juu ya nini anaimba Kingereza?"

Kuanzia hapo ndipo alipoanza kuiita kazi yake blues. Anachopiga ni kitu kilekile alichorithi kwa baba yake, ila amekipangia maneno kwa namna ya wale Wamarekani: mstari mmoja, anaurudia ulivyo, kisha wa tatu unajibu. Anaupenda ule wa pili. Anasema mtu akisikia jambo mara moja anadhani unaimba, akisikia mara mbili anajua unalia.

Baba yake alikuwa mfanyakazi wa Gécamines katika kambi ya Musonoi, na mtoto alikulia humo. Mei 1978 waasi walipotoka Angola na kuuteka mji, alikuwa na umri wa miaka kama kumi. Anachokumbuka ni uvungu wa kitanda na mlio wa ndege za askari wa miavuli wa Kifaransa. Halafu ikaja miaka ya njaa. Kampuni iliyokuwa ikitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980 ilipata pigo 1990, sehemu ya mgodi wa chini wa Kamoto ilipoporomoka, na kufikia 1993 ilikuwa haifikishi tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini kwa mpango uliosemekana kuwa wa hiari. Baba yake alikuwa mmoja wao. Alinunua mashine ya kusaga mahindi, ikafa, likabaki gitaa.

Kwa mama yake alirithi kitu kingine. Padri Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji aliyeandika kitabu maarufu cha falsafa ya Kibantu mwaka 1945, aliletwa Kolwezi miaka ya 1950, na humo humo katika kambi za wachimba migodi akaanzisha vuguvugu la Jamaa. Hapakuwa na jengo wala kadi ya uanachama. Mume na mke walikaribishwa nyumbani kwa mume na mke wengine, jioni, baada ya zamu, wakafundishana kwa Kiswahili cha kambi juu ya uzima, uzazi na mapendo. Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962, baadaye baadhi ya maaskofu wakaitilia shaka Jamaa, lakini watu waliendelea kukutana. Mama yake mwinjilisti alikuwa mwana Jamaa mpaka kufa. Mtoto alilala chumba cha pili akisikia wakubwa wakifundishana na kuimba kwa sauti ya chini, majirani wa zamu ya usiku wasiamke. Baba hakuhudhuria. Baba alikuwa nje, kwenye kiti, na gitaa. Mwinjilisti ananiambia maisha yake yote amekuwa akijaribu kulileta lile gitaa ndani ya chumba kile. Sasa yuko katika kanisa la Kipentekoste, naye anasema hilo ni jambo dogo.

Kuhubiri kwa waendesha pikipiki si jambo jipya duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 padri wa Kianglikana, Bill Shergold, aliendesha pikipiki yake hadi mkahawa wa Ace, London, walikokutana vijana wa jaketi za ngozi ambao makanisa yalikuwa yakiwaogopa, akawaalika kanisani pamoja na pikipiki zao. Mwaka 1975 mchungaji wa Arkansas, Herb Shreve, alianzisha Christian Motorcyclists Association, ambao mpaka leo huenda kwenye mikusanyiko mikubwa kama ule wa Sturgis, Dakota Kusini, ulioanza 1938, na kila mwaka huchangisha fedha ambazo sehemu yake hununulia pikipiki wahubiri wa nchi maskini. Nawaheshimu. Lakini mtu anayekwenda Sturgis amechukua likizo. Pikipiki yake inang'aa, na baada ya wiki moja anarudi ofisini. Manseba wa Kolwezi hana pikipiki ya likizo. Mara nyingi si yake hata kidogo. Ni ya tajiri anayedai hesabu kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Kwa hiyo habari njema inayofaa Sturgis, ile ya uhuru na upepo na barabara ndefu, hapa ingechekesha.

Mkusanyiko wenyewe ulifanyika Jumapili, uwanja wa vumbi upande wa kwenda Kapata. Ilikuwa Julai, kiangazi cha huku, na Kolwezi iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo asubuhi watu walikuwa wamevaa makoti mazito na kofia za sufu chini ya helmeti. Waliovaa helmeti, maana yake. Walikuwa wamekuja kuwakumbuka wenzao waliokufa barabarani tangu kiangazi kilichopita. Waliingia kwa vituo, kila kituo na bendera yake ya kitambaa, wakipiga resi hadi mazungumzo yakashindikana. Vijana wawili waliinua magurudumu ya mbele na kuuzunguka uwanja hivyo, mmoja akiwa amesimama juu ya kiti. Mama mmoja aliyekuwa akiuza kinywaji cha munkoyo alivuta ndoo zake nyuma bila kuwatazama. Inaonekana huwa wanamvunjia.

Mwinjilisti hakuomba kimya. Aliiegesha pikipiki katikati, akashusha amplifaya, akaunganisha nyaya kwenye betri ile ya kisanduku, akaanza kupiga kwa gumba lile, basi. Kijana wa kituo cha karibu alizima injini ili asikie, na wa pili akazima, halafu kimya kikasambaa kuelekea pembezoni. Fundi mmoja wa pikipiki alichukua chupa ya Fanta na spana namba 14, akaanza kugonga. Katika rekodi za zamani za Katanga chupa ndiyo ilikuwa ngoma, na nilipomuuliza baadaye ni nani alimfundisha, alishangaa. Alisema chupa ilikuwa tupu na spana ilikuwa mkononi.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa mtu anayebeba mawe. Anaamka saa kumi usiku, anaamka saa kumi usiku, na gunia linamsubiri Kasulo. Anafika Musompo, mnunuzi anatoa ile mashine ya mkononi wanayoiita Metorex, inayosoma asilimia ya madini, na namba inayotokea ni ndogo. Kila mmoja pale uwanjani aliijua namba hiyo. Tangu Februari 2025, serikali iliposimamisha kuuza kobalti nje kwa sababu bei ya dunia ilikuwa imeporomoka, na hata baada ya Oktoba ilipoanza kuuzwa kwa mgao, mnyororo wote umekaza: mchimbaji anapata kidogo, kwa hiyo anampa manseba kidogo, naye manseba anaongeza gunia moja ili hesabu itimie. Katika ubeti wa mwisho mtu huyo anamuuliza Mungu kama na yeye ana Metorex, na ikiwa anayo, ataisomaje. Watu walicheka, halafu hawakucheka.

Mahubiri yalikuwa mafupi kuliko wimbo. Hakusema njooni kwa Yesu mpate magari. Kolwezi ina mahubiri ya namna hiyo ya kutosha, kwenye mabango na vipaza sauti, na mimi sioni yanamwambia nini mtu ambaye wiki iliyopita alimuokota mwenzake lamini. Alisimulia kwamba Yesu aliuawa nje ya mji, kando ya njia, watu wakipita wanatazama, na kwamba mama yake alikuwapo. Alisema katika Zaburi imo moja, ya 88, inayoanza kwa kilio na kumalizikia gizani, wala hakuna aliyethubutu kuifuta. Kama iko ndani ya Biblia, alisema, basi na ninyi mna ruhusa. Kisha akarudi kwenye gitaa.

Nafikiri hapo ndipo ilipo siri yake yote. Makanisa mengi ya mjini yana nyimbo za shukrani na nyimbo za ushindi. Hayana wimbo wa mtu aliyeshindwa leo na atakayeshindwa kesho. Blues ilizaliwa kwa ajili ya mtu huyo, katika mashamba ya pamba na reli za kusini mwa Marekani, kama vile gitaa la Katanga lilivyozaliwa katika kambi na reli za kampuni, kwa watu waliochukuliwa kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini kuja kuchimba. Huko Marekani kanisa nalo liliwahi kuikataa. Thomas Dorsey alikuwa mpiga piano wa blues mjini Chicago. Mwaka 1932 mke wake Nettie alifariki akijifungua, mtoto naye akafa, Dorsey akiwa safarini St. Louis, na kutoka katika msiba huo ukatoka wimbo uliotafsiriwa na kuimbwa makanisani ulimwenguni kote. Makanisa kadhaa yalikuwa yamemfukuza kwa sababu muziki wake ulinuka baa.

Na hapa pia kulikuwa na pua. Baada ya wimbo wa tatu alikuja mchungaji mmoja, suti ya kijivu, viatu visivyo na vumbi, jambo gumu kwa uwanja ule. Alimwita mwinjilisti pembeni, ingawa si mbali kiasi cha sisi kutosikia, akamwambia kazi ni njema lakini gitaa la namna hiyo ni la kilabuni, vijana watachanganyikiwa. Yeye anacho kinanda, anaweza kukiazima. Mwinjilisti alimsikiliza hadi mwisho kwa adabu, mikono nyuma. Halafu akasema, na moto kwao ni pikipiki:

"Pasta, ile moto ilikuleta asubui, jana busiku ilibeba balevi. Juu ya nini haukushukaka?"

Kituo kizima kililipuka kwa kicheko, na lazima niseme mchungaji mwenyewe alicheka, akakaa. Alibaki mpaka mwisho.

Wakati wa kusoma majina, mwenyekiti wa kila kituo alisimama na karatasi. Waliosomwa walikuwa vijana, karibu wote. Majina ya Kiluba, ya Kilunda, ya Kisanga, ya Kasai. Miaka ya mwanzo ya 1990 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, wakalala wiki kwa wiki kwenye stesheni za reli wakingoja mabehewa, Kolwezi ikiwa mojawapo. Wajukuu wao wengine wamerudi kutafuta maisha, na maneno ya zamani bado husemwa. Orodha ile haikuyatenganisha majina.

Mwanamke mmoja aliyevaa kitenge cheusi alimfuata mwinjilisti kabla ya wimbo wa mwisho. Mume wake alikuwa kwenye karatasi. Mwinjilisti alianza kumweleza kwamba ataimba jinsi Bwana alivyomwita mtumishi wake akapumzike. Mama akamkatiza.

"Apana kuimba asema Mungu alimuita. Imba ile gunia."

Akaeleza, si kwa kulia, kama mtu anayetoa maelezo kwa fundi. Gunia la mbele lilikuwa limefungwa juu ya tangi, usukani haukugeuka vizuri. La nyuma lilikuwa zito, breki hazikushika kwenye mteremko. Lori lilikuwa limeharibika bila taa. Alitaka yote yaimbwe, lori, taa, mteremko. Mwinjilisti alimuuliza mteremko upi. Akamtajia.

Akaimba hivyo. Mteremko kwa jina lake, mara mbili. Gunia juu ya tangi, mara mbili. Gumba halikubadilika. Kwenye mstari wa tatu, ule unaojibu, hakuwa na neno, kwa hiyo aliliacha gitaa lijibu, na lile kosa la ukucha, mkwaruzo ule, lilitokea kila mara mahali palepale. Fundi aliacha kugonga chupa, akaanza tena. Mchungaji wa suti alikuwa amevua miwani.

Sikuhesabu walioinua mikono kuombewa, na mwinjilisti mwenyewe hahesabu. Wengine waliombewa, wengine walikwenda moja kwa moja kwa mama wa munkoyo. Vijana kadhaa walitaka tu kulishika gitaa, wakapewa. Mmoja aliuliza kama kanisani kwa mwinjilisti wanalipa wapiga gitaa. Alipoambiwa hapana, alilirudisha. Wengine walikaa juu ya pikipiki zao wakibishana kuhusu jambo ambalo nadhani lilikuwa tunda halisi la siku ile: kama ni halali kumkatalia mteja gunia la tatu. Kijana wa Manika alisema ukikataa, nyuma yako wako watano watakaokubali. Mwingine akasema basi wakubaliane watano hao. Walitajana kwa majina ya vituo, sauti zikapanda, mwenyekiti mmoja akatoa ile karatasi ya majina, akaigeuza, akaanza kuandika upande wa nyuma nani yuko tayari na nani hayuko.

Mwinjilisti alikuwa anafungasha. Betri ilikuwa imekwisha, tena na ile ya pikipiki imedhoofu kwa sababu alikuwa ameiunganisha katikati ya wimbo wa nne, hivyo tulihitaji kusukumwa. Walitusukuma vijana sita, mimi juu na gitaa langu la kukumbatia, mpaka injini ikashika. Mmoja wao alikimbia pembeni yetu hatua kadhaa akiwa ameshika keria.

"Mzee, kesho utapita kituo yetu?"

"Nitakuya," akajibu mwinjilisti bila kugeuka. "Lakini mafuta ni yenu."

"Lita ngapi?"

"Mbili. Na nyuzi ya kwanza, imekatika."

Kijana akaachia keria, akapiga kelele kwa wenzake nyuma kuuliza ni nani anajua nyuzi za gitaa zinauzwa wapi.